Bi. Rumyana na Ndiyo ya Kalina

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Muuguzi Mkuu Rumyana Tsankova atavua sare na kustaafu. Sisi wa Nyumba ya Kokiche hapa mjini Shumen, tunaotoa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, kwa watoto wenye maradhi mazito, tumebaki kuulizana nani sasa atatugombeza.

Maana kugombeza anajua, jamani! Alitugombeza kwa viatu vyenye kelele, kwa sindano za harakaharaka, kwa kulialia mbele ya mtoto. Lakini mtoto akimlilia mbwa wake, Bi. Rumyana huyohuyo humpitisha mbwa mlango wa jikoni, kamviringisha shuka. Mkurugenzi alipouliza mbona shuka linabweka, alijibiwa, "Mgonjwa mpya huyo, ana kikohozi."

Tunalojivunia zaidi lilitokea mwaka wake wa tisa kazini. Kalina, binti wa miaka minane, alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema. Daktari mgeni kutoka ng'ambo, aliyejifunza maneno yetu vizuri ila vichwa vyetu hakuvijua, alimuuliza kama anaumwa. Kalina akapeleka kichwa kulia na kushoto. Daktari akaandika: hana maumivu, dawa ipunguzwe.

Bi. Rumyana alikuwa akipita na sinia la banitsa, mikate ya jibini ya kifungua kinywa. Nusura limdondoke.

"We daktari! Mtoto kakwambia ndiyo!"

"Mbona amekataa?"

"Huko kwenu amekataa. Hapa Bulgaria, kichwa kikienda hivyo, amekubali. Anaumwa, mpe mofini sasa hivi!"

Alipewa. Nusu saa baadaye Kalina alilala, na mama yake naye akalala kitini, mara ya kwanza baada ya siku tatu. Binti yule aliishi wiki saba zaidi, na maumivu hayakumtesa tena.

Tangu siku hiyo hatumuulizi mtoto kwa kichwa peke yake. Anashika kidole chako: akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Utaratibu huo ni wa Bi. Rumyana, na hospitali nne zimekuja kuuchukua kwetu. Tunatembea vifua mbele!

Wiki iliyopita tulimuuliza kama atakuja kila Jumanne kuwafunza wauguzi wapya. Alipeleka kichwa kulia na kushoto. Daktari wetu mpya, aliyefika kutoka ng'ambo mwezi huu, aliinamisha uso kwa huzuni. Sisi wengine tulipiga makofi.

Asante, Bi. Rumyana. Pumzika, ule vizuri, usimgombeze sana mumeo. Tutaonana Jumanne.