Mwalimu Fabiola Margwe, Aliyezifungua Simu Arobaini

Baba Paroko, viongozi wa serikali na wa vyama, wenzetu wa Redio Nyanda, na ninyi nyote mliopanda mpaka hapa Endasak kwa miguu na kwa pikipiki, karibuni. Familia imemwomba kaka wa marehemu, Patriki Margwe, awasomee habari za maisha ya dada yake. Amekubali kwa sharti moja, kwamba yale yanayomhusu yeye mwenyewe yasifichwe. Hayakufichwa.

Mwalimu Fabiola Margwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Tlawi, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Margwe Tluway na mama Agatha. Tangu utotoni alikuwa na sauti. Jioni akisimama mlangoni kuita ng'ombe, wa kwetu walirudi, na wa jirani nao wakaja. Jirani alifika mara tatu kulalamika, na mara zote tatu aliondoka ameshiba viazi na anacheka, kwa sababu Fabiola alimwamkia kwa nguvu mpaka mzee wa watu akasahau kilichomleta.

Alisoma shule ya msingi Tlawi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari mjini Mbulu, na mwaka 1987 akajiunga na chuo cha ualimu Singida. Alihitimu mwaka 1989. Januari iliyofuata alipangiwa kufundisha hapa Endasak, akaja na sanduku la bati na kuku mmoja.

Hapa ndipo alipokutana na fundi seremala wa parokia, Wolfgang Bura. Wolfgang ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo alimwandikia barua ya uchumba. Baada ya wiki mbili barua ilirudi. Mwalimu alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu, makosa kumi na moja, na chini kabisa ameandika: "Nimekubali. Rudia aya ya pili." Walifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1993, na Mungu akawajalia watoto watatu: Lucia, Gidion na Mary. Barua hiyo Wolfgang anayo mpaka leo.

Alifundisha kwa miaka ishirini. Mwaka 2010 redio ya jamii, Redio Nyanda, ilipofunguliwa Katesh, alianza kwa kusoma matangazo ya misiba na ng'ombe waliopotea, kisha taarifa ya habari. Mwaka 2016 alianzisha kipindi chake cha Jumamosi, "Simu Yako Inasemaje?" Watu walimpigia kumweleza walichokiona kwenye magrupu na mitandao, naye akakifuatilia: nani kasema, lini, wapi, na je, ni kweli.

Haikuwa kwamba hakukosea. Mwaka 2020 alisoma hewani habari aliyoitoa kwenye gazeti moja la mtandaoni, kwamba grupu la vijana wa chama fulani huko Mbulu limefungwa kwa sababu za kisiasa. Grupu lilikuwepo. Mwenye grupu alikuwa amepoteza simu yake shambani, na kwa sababu ya habari ile watu wa pande mbili walikaribia kupigana mnadani. Mwalimu aliomba radhi siku tatu mfululizo, saa ileile aliyosomea habari. Nyumbani alimwambia mume wake, "Baba Lucia, nimesoma maneno ya mtu ambaye hajawahi kufika Mbulu, kuhusu watu ninaoweza kuwatembelea kwa pikipiki." Hakulisahau jambo hilo.

Sasa tuje kwenye lililomhusu kaka.

Mwaka 2024, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, Patriki aligombea uenyekiti wa kijiji hapa Endasak. Mpinzani wake, wa chama kingine, alikuwa bwana Gidamis, ambaye yuko nasi hapa. Wiki mbili na siku chache kabla ya kura, video ya hotuba ya Patriki ilitoweka mtandaoni. Kesho yake gazeti moja la mjini likaandika kwamba mtandao ule unakibana chama cha Patriki vijijini. Keshokutwa televisheni moja ya mtandaoni ikatangaza kwamba mtandao uleule unakibana chama cha Gidamis. Kila upande ulisoma habari yake na kuamini.

Mhariri wa redio, Yusuph Saleh, alileta ile ya gazeti mezani ili isomwe saa moja asubuhi.

"Shikamoo mwalimu. Hii ni kubwa, na inamhusu kaka yako."

"Marahaba. Ndiyo maana siisomi," alisema mwalimu. "Huyu anasema wanaonewa hawa, yule anasema wanaonewa wale. Yusuph, kati ya hawa waandishi wawili, nani amefungua simu ya mtu yeyote wa Hanang akatazama?"

"Hakuna."

"Basi nipe siku nne."

Alichukua daftari la mistari na kukodi pikipiki. Alitembelea watu kumi na watano Endasak, kumi na watano Dirma, na kumi kwao Tlawi. Alihakikisha nusu yao ni wa upande huu na nusu ni wa upande ule. Kila mmoja alimwomba afungue simu yake mbele yake, waone pamoja nini kinaletwa kwanza, na posti za nani zinaonekana. Bibi mmoja wa Dirma alimwuliza kama ametumwa na serikali. Akajibu, "Nimetumwa na aibu yangu, bibi." Bibi akacheka, akafungua simu.

Jumamosi alisoma majibu. Kati ya simu arobaini, thelathini na moja hazikuwa na posti ya mgombea yeyote wa kijiji chetu. Tisa zilizobaki ziligawana, tano na nne. Kuhusu video ya Patriki, kijana wake wa kampeni alikuwa ameituma kwenye magrupu sitini ndani ya saa moja. Mtandao uliichukulia kama tangazo la kusumbua watu, na ujumbe wa kueleza hivyo ulikuwa umekaa siku nne kwenye simu ya Patriki bila kusomwa. Picha ya Gidamis ilikuwa imeondolewa wiki mbili kabla kwa sababu ileile. Naye hakuusoma ujumbe wake. Ila simu thelathini na nane kati ya arobaini zilikuwa zimeletewa mbuzi wa Dirma aliyepanda juu ya pikipiki mnadani akagoma kushuka.

"Kama huko duniani mitandao inapendelea chama, mimi sijui," alimalizia. "Simu arobaini hazitoshi kusema hivyo. Lakini hapa kwetu, kwa wiki hii, aliyependelewa ni mbuzi."

Nusu ya wasikilizaji walicheka. Nusu walipiga simu kumwambia amenunuliwa. Patriki hakupiga. Aliona dada yake wa damu amemwaibisha mbele ya wilaya nzima kwa kutaja zile posti sitini. Jumapili alikaa upande mwingine wa kanisa, na alipomkuta mlangoni alipita kama anapita mti. Mwalimu alimwamkia, "Shikamoo kaka," kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe, na kaka hakuitikia. Mwalimu alirudi nyumbani na hakula. Wolfgang anasema hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona akijuta kuwa mtangazaji.

Jumamosi iliyofuata Patriki alishuka Katesh kwenda kumshitaki kwa mhariri. Alipofika redioni alimkuta Gidamis ameketi kwenye benchi, amekuja kushitaki vilevile.

"Wewe unalalamika nini?" Patriki alimwuliza. "Dada yangu anakupendelea wewe!"

"Ananipendelea mimi? Ni dada yako! Amesoma habari ya picha yangu kwa sababu yako!"

Mwalimu alitoka studio, akawasikia, akarudi ndani akaburuta viti viwili. Kabla hawajajua lililowapata, walikuwa hewani.

"Wasikilizaji," alisema, "niko na wagombea wawili. Kila mmoja anasema nimempendelea mwenzake. Kaka Patriki, bwana Gidamis, tafadhali kubalianeni ni nani kati yenu nimempendelea, ili nimwombe radhi mwingine."

Gidamis ndiye aliyeanza kucheka. Patriki alijikaza, akashindwa, na watu wa Hanang wakasikia wagombea wawili wakicheka kwenye kipaza sauti kimoja karibu dakika nzima. Halafu waliulizwa maswali ya maji na barabara, wakajibu kwa zamu. Walipotoka, Patriki alisimama mlangoni akasema, "Marahaba." Dada yake akamwuliza marahaba ya nini. "Ya Jumapili ile. Nilikosa, Fabiola." Patriki alishindwa kwa kura kumi na tisa. Siku ya matokeo walikula pamoja nyumbani kwake mwalimu, naye Gidamis akaalikwa.

Mei 2025 mwalimu alianza kuumwa tumbo. Hospitali ya Haydom iligundua saratani ya ini. Alitibiwa kwa upendo mkubwa, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Januari mwaka huu ukurasa mmoja mtandaoni ulitangaza kwamba amefariki, na vyombo viwili vya habari vikaichukua habari hiyo bila kumpigia mtu. Alimwomba muuguzi simu, akapiga kipindini. "Mimi ni Fabiola Margwe. Nimesoma habari za kifo changu. Zina makosa matano ya tahajia, na mimi nakunywa uji." Alicheka mpaka muuguzi akamwomba apumzike.

Alirudi nyumbani Endasak, na Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, alituaga akiwa na mume wake, watoto wake na kaka yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Siku ile mitandao ilianza kumtangaza kabla ya saa tano. Redio Nyanda haikusema neno. Yusuph Saleh alipanda pikipiki kutoka Katesh mpaka hapa, akaingia ndani, akasimama karibu naye. Akamwuliza Wolfgang. Kisha, huku machozi yakimtoka, akaja kumwuliza Patriki pia. Saa nane alitangaza. Jioni kurasa za vyama vyote viwili ziliweka picha yake moja, ile anayocheka, na hakuna aliyebishana chini yake.

Mwalimu Fabiola ameacha mume, Wolfgang Bura, watoto Lucia, Gidion na Mary, wajukuu wanne, kaka zake wawili na dada zake watatu, wanafunzi tusioweza kuwahesabu, na wasikilizaji wa Mbulu na Hanang, wanaobishana naye mpaka leo.

Bwana ametupa sauti hii kwa muda, na leo tunamrudishia. Pumzika kwa amani, dada. Marahaba.