Mfuko wa Nyuma ya Nyumba

Basi la Kibondo lilipotoka Kasulu, mama mmoja mbele yangu alikuwa ameukanyaga mfuko wa mbolea ya kupandia, kana kwamba ungeweza kushuka wenyewe njiani. Kijana aliyeketi naye, bwana shamba mgeni wilayani, alimuuliza mfuko unakwenda shamba gani.

"La nyuma ya nyumba," alisema mama. "Kila msimu naweka mbolea hii, samadi na majivu. Ila siku hizi mahindi yanatoa michirizi myeupe."

"Huenda fosforasi ya mbolea hii imejaa mno, mama. Ikizidi, mmea unakosa madini mengine. Ungepima udongo kwanza. Una shamba jingine?"

"Ego, lipo la bondeni. Lile limechoka kabisa."

"Basi mfuko upeleke huko."

"Lile la kukodi. Nikilinenepesha, mwenyewe analichukua."

Bwana shamba alieleza upya, kwa subira ya mtu asiyelima, kwamba udongo haujui mwenyewe ni nani. "Haujui," alikubali mama. "Mimi najua."

Tulipokaribia Busunzu, mama aliuinua mfuko wake. "Hiyo fosforasi, mvua ikinyesha inahama?"

"Si rahisi. Inakaa palepale miaka na miaka," alisema bwana shamba, akidhani hapo ndipo amemshinda.

Basi likasimama. "Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi, mwanangu," alisema mama akishuka. "Kitu kisichohama nakiweka kwangu."