Fundi Milima na Ukuta Uliokataa Kukauka

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi rangi wetu anayejulikana hospitali nzima kwa jina la Milima atarudisha funguo za karakana, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kamati ya jarida ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Haikuhangaika, ilikuja moja kwa moja stoo, kwangu. Kila kopo la rangi alilowahi kulifungua limepita mikononi mwangu, kwa hiyo nikisema nusu ya sanaa yake ni yangu, nimejipunja.

Aliajiriwa kupaka milango. Shule aliiacha darasa la sita, mwaka mmoja mbele yangu, na sifa moja ya Milima ni kwamba hajawahi kunitambia. Kuchora hakufundishwa na mtu. Alijifunzia juu ya mnara wa tangi la maji, alikopandishwa kupaka rangi ya kuzuia kutu, akakaa huko siku nne kwa kazi ya siku moja. Ngazi nilishika mimi. Upepo wa wiki ile ulibeba mabati ya jikoni mpaka uwanja wa mpira, lakini ngazi haikutikisika. Aliposhuka, tangi lilikuwa na kutu yake ileile, ila boksi la glovu alilopanda nalo lilikuwa na mji mzima na vilima nyuma yake. Fundi mkuu wa wakati huo akamwandikia barua ya onyo. Milima akaigeuza, akachora bonde nyuma yake, akairudisha ikiwa imesainiwa. Imo kwenye faili lake mpaka leo, na maofisa utumishi huitoa kuwaonyesha wageni.

Wengi huuliza kwa nini anga analochora Milima ukutani halina buluu. Hospitali yetu ina rangi nne: krimu ya wodi, kijani ya milango, kijivu ya sakafu, na ile nyekundu ya kuzuia kutu. Buluu haijawahi kuagizwa. Mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa, aliyekuja kumtazama shangazi yake wodini, alisimama mbele ya kazi ya Milima saa nzima, akatueleza kwamba anga lile la krimu limebeba wasiwasi wa wote wanaosubiri majibu. Milima alimshukuru kwa heshima zote, kisha akaja stoo kuuliza kama krimu bado ipo.

Kazi yenyewe ni ukuta wa ukumbi wa kusubiria, mita kumi na nane kutoka dirisha la dawa hadi mlango wa maabara. Aliuanza kwa kufunika doa la unyevu: akachora kilima cha kwao, na nyumba ya mama yake ubavuni. Watu kwenye foleni wakataka kujua nyuma ya kilima kuna nini. Akawauliza wao. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Anakaa benchini na mgonjwa, anamuuliza kwao kukoje, jua linachomozea wapi, ukitoka sokoni mto unaukuta kushoto au kulia, kisha anamchorea. Ndiyo maana vilima vya ukuta ule havikutani popote duniani. Akikosea, mgonjwa mwenyewe anasimama kumsahihisha. Bibi mmoja, ambaye mumewe alilazwa siku arobaini, alimhamishisha mto mara tatu, akimwambia wee mwanangu, huko unakoupeleka si utatuzamishia mihogo! Milima alifuta kwa mafuta ya taa, akahamisha, wala hakununa.

Mapema mwaka huu Katibu wetu mpya wa hospitali, mtu msafi sana, alitangaza kuwa wakaguzi wanakuja na ukuta wote upakwe nyeupe. Hati ya kazi ikaandikwa jina la fundi rangi aliyepo. Tunaye mmoja tu.

Tulimsihi agome. Muuguzi Mkuu alijitolea kumwandikia ruhusa ya ugonjwa, mimi nikajitolea kumvunja kidole kimoja, kitaalamu. Hakutaka. Jumatatu asubuhi aliingia na rola yake na ndoo ya nyeupe iliyoagizwa kwa kazi hiyo tu, na sehemu aliyoanza nayo ilikuwa kilima cha kwao. Nyumba ya mama yake ilikwenda kwa mkono mmoja wa rangi. Kisha yule bibi wa mto, aliyekuja kuchukua dawa za presha, akanyanyuka akaenda kuuegemea mto wake kwa mgongo. Mwingine akaegemea barabara ya kwao, mwingine shamba. Karani akiita namba, hakuna anayebanduka.

Katibu aliposhuka kuuliza mbona kazi imesimama, Milima alijibu kwa adabu kwamba mkono wa kwanza wa rangi lazima ukauke ndipo aendelee. Katibu akanigeukia mimi. Nikathibitisha, kama mtaalamu wa unyevu. Rangi ile hukauka kwa saa nne. Hii yetu ilichukua wiki tatu.

Wakaguzi wakaukuta ukuta na kiraka chake cheupe. Mkuu wao alitazama kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeweka daraja la kijijini kwake kabla ya kona, wakati liko baada ya kona. Milima akatoa brashi mfukoni, akalihamisha papo hapo. Tangu siku hiyo Katibu hajaitaja nyeupe, na wageni wake huwapitisha ukumbini akiwaeleza jinsi alivyouokoa ukuta ule.

Kilima cha kwao Milima hakijarudi. Tumemwomba akichore upya, krimu nimemwekea, lakini anasema alikichora kwa kumbukumbu miaka thelathini bila mtu wa kumkosoa, na sasa anataka kwanza akakitazame. Basi la kwao linaondoka kesho yake baada ya kustaafu.

Kwa niaba ya wodi zote, jikoni, maabara na stoo: asante, Milima. Afya njema, usingizi wa kutosha, na macho yaendelee kuona mbali. Kapande kilima chako polepole, kaa juu huko siku nne ukitaka, safari hii hakuna wa kukuandikia barua.