Mama Ritha Anaweka Brashi Chini

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Paskalia Masele, ambaye sisi hapa kazini na nusu ya Kahama tunamwita Mama Ritha, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuchora turubai katika Studio ya Ndaki. Ana miaka hamsini na miwili. Kwenye karatasi za ofisi imeandikwa kwamba ameomba mwenyewe. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu hakuna mpiga picha aliyezitumia turubai zake kwa muda mrefu kuliko mimi, na nimeagizwa niandike ya kufurahisha. Nitaanza na hayo.

Alizaliwa Ushirombo, akajifunza rangi kwa kuwasaidia mafundi waliokuwa wakipamba kanisa la misheni. Alipofika Kahama alichora mabango ya maduka na vinyozi, hadi mkurugenzi wetu, Mzee Edson Ndaki, alipomwajiri achore turubai kubwa za studio, mapazia ambayo wateja hupigiwa picha mbele yake: maporomoko ya maji, ngazi za kasri, bustani ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona.

Maharusi walipoanza kutaka picha za vitu vidogo, yaani pete, viatu, kadi ya mwaliko, chupa ya marashi, yeye ndiye aliyebuni turubai ndogo za kutandaza mezani. Alivuta kitambaa kwenye fremu, akakipaka rangi nyeupe iliyochanganywa na gundi, kisha akagonga rangi nyingine kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, mpaka pete ikilazwa pale inaonekana kama imeota hapo hapo.

Tumecheka naye sana. Mchimbaji mmoja wa Mwakitolyo aitwaye Januari, siku ya harusi yake, alikataa kuvua pete ili ipigwe picha.

"Dhahabu hii nimeichimba mwenyewe," alisema. "Nikiivua hapa, nitajuaje mtakayonirudishia ni hiyo hiyo?"

"Basi baba," Mama Ritha akamjibu, "lala na wewe mezani."

Akalala kweli, suti na yote, mkono juu ya turubai. Picha ile ilikaa mlangoni kwetu mwaka mzima.

Mambo yalibadilika pale mnunuzi wa dhahabu alipokodi ua wa nyuma ya studio. Wachimbaji humletea dhahabu iliyoshikana na zebaki, naye huichoma hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Moshi wake uliingia kwa dirisha la chumba cha kukaushia turubai, na Mama Ritha alikuwa akishinda humo. Alikwenda kwa mkurugenzi. Nilikuwepo.

"Bosi, ule moshi unanikaba. Tumwombe ahamishe jiko lake."

"Mama Ritha, yule ndiye anayetuletea maharusi. Vumilia kidogo."

Akaziba dirisha kwa maboksi. Turubai zikagoma kukauka, zikaota ukungu, oda zikachelewa, na bosi akayang'oa maboksi kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka michache baadaye mistari ya Mama Ritha ikaanza kupinda. Ile ya pembeni, aliyozoea kuivuta mara moja bila rula, ikawa na mawimbi. Maharusi wakaipenda. Ofisi ikaipa jina la Mtindo wa Mawimbi, ikaitangaza mtandaoni, na oda zikaja mpaka kutoka Geita. Wateja walipompongeza, alitabasamu huku ameficha mkono ndani ya kitenge. Mimi aliniambia ukweli siku moja tukifunga vifaa.

"Sichori mawimbi, Edward. Mkono ndio unatembea wenyewe."

Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Daktari alimuuliza kama huwa anachoma dhahabu. Akasema hapana, yeye anachora. Vipimo vilionyesha zebaki mwilini. Daktari alisema kutetemeka kunaweza kupungua akikaa mbali na moshi, lakini hakumwahidi chochote. Mkurugenzi aliyasoma majibu, akampa pole, akamshauri akapumzike nyumbani. Jiko la nyuma liliendelea kuwaka. Hivyo ndivyo Mama Ritha alivyoomba mwenyewe.

Meza yake anairithi Blessing, binti aliyeanza kazi mwaka jana. Wiki iliyopita Mama Ritha alikuwa akimwonyesha kuchanganya kijivu kile kinachopendwa na mabibi harusi, brashi ikamdondoka. Aliitazama pale sakafuni, hakuiokota.

"Mwanangu," alisema, "siku mkono wako ukianza kucheza, usisubiri wakusifie. Ondoka."

Blessing hakungoja siku hiyo. Jumatatu alihamishia fremu zote barazani, upande wa barabara. Malori yanazimwagia vumbi, na wapita njia wanazigusa kuona kama zimekauka. Mkurugenzi, ambaye atazungumza baada ya wasifu huu kusomwa, anasema zinaharibu sura ya duka. Sisi wafanyakazi tumekataa kuzirudisha kwenye chumba kile, sote, na ninaliandika hapa ili lisomwe mbele yake.

Mama Ritha, asante kwa kazi yako, kwa vicheko, na kwa kutufundisha kuangalia rangi. Unarudi Ushirombo kuishi na binti yako. Tunakuombea usingizi mtulivu, hewa safi, na asubuhi moja, Mungu akipenda, utakayokiinua kikombe chako cha chai hadi mdomoni bila kushikiwa na mtu.