Benchi la Nyota Tano

Ukishuka treni Shin-Imamiya, ukayapita yale makabati ya mizigo ambayo kila siku yamejaa, utalikuta benchi mbele ya hosteli ya Matsuba, kati ya mashine ya vinywaji na duka la kufulia nguo kwa sarafu. Kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa hapo wazee watatu, kila mmoja na kopo lake la kahawa ya moto. Wa kwanza ni Fundi Tomizo, aliyelitengeneza benchi lenyewe kwa mbao za jukwaa la ujenzi. Miaka sabini na minne, nusu ya maghorofa ya Osaka kayapigilia mbao za zege, na hajawahi kulala hata kwenye moja. Wa pili ni Redio, mwenye kiredio sikioni kisichozimwa, na yeye mwenyewe pia hazimiki. Wa tatu ni Mheshimiwa, ambaye aliwahi kuendesha gari la kipaza sauti la mgombea kwa siku kumi na moja. Mgombea akabwagwa, cheo akabaki nacho dereva. Wote ni watu wa Matsuba tangu ilipokuwa gesti ya vibarua, chumba mikeka mitatu, unalipa asubuhi kwa asubuhi. Siku hizi ghorofa za chini zimejaa vijana wenye mabegi mgongoni, wazee wamebaki juu kule ambako ngazi zinawamaliza magoti. Sasa siku hiyo ya Novemba benchi lilikuwa limebandikwa stika ya njano.

— Taka kubwa, Redio alisoma. Itachukuliwa kesho asubuhi.

— Ni sisi au ni benchi? aliuliza Mheshimiwa.

— Stika iko kwenye benchi, ndugu yangu.

— Ni kwa sababu wewe hutulii. Ungetulia ungebandikwa.

Fundi hakucheka. Alikaa pembeni kabisa ya stika, kopo mikononi, akiwa hajalifungua. Chumba chake kina mikeka mitatu: mmoja wa kulala, mmoja wa vitu, mmoja wa kusimama. Mgeni wa kumkaribisha huko angesimama wapi? Sebule yake ilikuwa hii hapa, na kesho sebule inapakiwa kwenye lori na magodoro mabovu. Ilimuuma, na alijua akisema tu kwamba inamuuma, hawa wawili watamcheka mpaka mwaka mpya.

— Hebu tueleze, Fundi, alisema Mheshimiwa kwa sauti ya kipaza sauti. Mama Kinue alikwambia nini dirishani?

— Nimeshaeleza.

— Mara moja tu. Wananchi wanataka tena.

Fundi akashusha pumzi. Kila asubuhi, kwa miaka ishirini na moja, anashuka dirishani kulipia chumba. Mama Kinue, mwenye nyumba, anauliza, "Siku ngapi?" Yeye anajibu, "Moja." Ndivyo walivyozoea vibarua, nani alijua kama kesho kazi ipo? Lakini leo, baada ya ile "moja", mama alimgeuzia simu. Kulikuwa na maoni ya mgeni mmoja kwenye mtandao. Fundi alikuwa ameyakariri.

— "Kitanda kifupi. Bafu safi. Wazee wa benchi ni yabai."

— Yabai! Redio alipiga paja. Jamani, yabai!

Kwa watu wa rika lao, hilo si neno la kuchezea. Mali ya wizi ni yabai. Askari wakikunja kona, jambo ni yabai. Na Fundi alikuwa analijua kutoka mahali pengine: ghorofa ya sita, jukwaa limeanza kulegea, mtu anapaza sauti, "Yabai!" Ukilisikia hilo unashuka, huulizi. Siku ile wawili hawakuwahi kushuka.

— Na kaandika nani? aliuliza Mheshimiwa. Wale Wazungu?

— Mzungu gani anaandika Kijapani? Ni yule kijana wa Sendai.

Kijana wa Sendai walikuwa wanamkumbuka wote. Alikuja wiki iliyopita, begi lake mkanda umekatika, akakaa hapo hapo saa mbili nzima. Redio alimsimulia besiboli ya shule tangu enzi za baba yake. Mheshimiwa alimhutubia. Na Fundi alitoa sindano nene na uzi wa kushonea maturubai, akamshonea mkanda wake, mishono arobaini, akamnunulia na kahawa.

— Nilimshonea mkanda, alisema Fundi.

— Ndiyo ujue, alisema Redio. Wahenga walisema, tenda wema uende zako. Wewe ulitenda ukabaki umekaa.

— Si Fundi aliyemchukiza, alisema Mheshimiwa. Ni soksi zako, Redio. Ulivua viatu.

— Soksi zangu zilikuwa nzima!

— Moja. Nyingine ilikuwa ushahidi.

— Na wewe je, uliyemwambia mtoto wa watu kwamba wanaolala wanane chumba kimoja kwa hiari yao wapimwe akili?

— Nilisema ukweli! Mheshimiwa alisimama, hotuba zake haziwezi kutoka akiwa amekaa. Sisi tulipolala wanane kambini, akikoroma mtu, tunamtupia buti. Hatukupiga picha! Hawa wanapanda ndege saa kumi na nne, wanalala kwenye kitanda cha ghorofa kama sahani kabatini, mtu anawakoromea juu, mwingine anawakoromea chini, wanaamka wanatabasamu. Kwa nini? Nimefanya utafiti. Kwao umaskini umekwisha. Serikali zao zinawatuma waje kuazima wetu.

— Wanaazima, wanarudisha?

— Hawarudishi! Ndiyo maana vyumba vya chini hatuvipati tena. Mgeni njoo, mwenyeji apande ngazi.

— Sivyo inavyosemwa.

— Sivyo inavyosemwa, lakini ndivyo inavyofanyika. Nenda kayaulize magoti yako.

Redio alichomoa kiredio sikioni, jambo ambalo hufanya kwa mazito tu.

— Mimi nina swali moja. Nyota. Maoni hayo yalikuwa na nyota ngapi, Fundi?

— Tano.

— Tano kati ya ngapi?

— Tano kati ya tano.

— Mama yangu weee! Redio alijishika kichwa. Basi tumekwisha. Hamwelewi? Ni kama vimbunga. Namba inapanda kadiri ya hatari. Nyota moja, fungeni madirisha. Nyota tatu, wazee na watoto wahame. Nyota tano, nchi nzima inaambiwa kwamba kwenye benchi hili kuna sisi.

— Nyota ni za nyumba, alisema Fundi. Mama Kinue kaniambia. Nyumba ni nyota tano, benchi ni yabai. Anasema benchi likiondoka zitakuwa sita.

— Haya, mwanamke yule anajua hesabu, alisema Mheshimiwa, akakaa.

Wenzake walikunywa. Tramu ilipita juu ya barabara ndogo, kengele ikalia. Mama Kinue mwenyewe alitoka na ndoo, aproni kiunoni, akaanza kumwaga maji mlangoni kwa kata kama afanyavyo kila siku kabla ya wageni wa saa tisa. Hakuwaangalia. Wao pia hawakumwangalia. Alimwaga kulia, akamwaga kushoto, akafika benchini akasita.

— Inueni miguu.

Wakainua wote watatu, kama watoto wa chekechea.

— Mama Kinue, alisema Mheshimiwa miguu ikiwa hewani, tunaomba ufafanuzi. Taka kubwa ni nini kisheria?

— Kitu chochote kikubwa ambacho hakina kazi.

— Basi mimi nimo.

— Stika moja haikutoshi. Shusheni miguu.

Fundi alitaka kusema kitu. Alitaka kumwambia, mama, mwaka ule wa kimbunga nani alipigilia mbao madirisha yako? Lakini mtu mzima hawezi kuomba benchi. Alifungua kopo lake badala yake, akaliona limeshapoa, akaliweka chini.

Ndipo akatokea yule binti. Alikuwa na nywele fupi, begi limempita kichwa kwa urefu, na sendo kwenye baridi ile. Alisimama mbele yao akapumua, akatazama simu yake, akatazama benchi, akatazama simu tena.

— Samahani, babu zangu. Hili ndilo benchi la wazee yabai?

Mheshimiwa alifumba macho kama aliyepigwa kofi.

— Ndilo, mjukuu wangu, alisema. Karibu uone kwa macho yako. Usikaribie sana, tunauma.

— Huyu anauma, alisema Redio. Mimi natisha tu.

— Naweza kukaa? Hosteli haifunguliwi mpaka saa tisa.

Mheshimiwa na Redio waliangaliana. Mtu amebeba begi lote hilo kuja kukaa na hatari? Fundi alisogea. Binti alishusha begi, akakaa, akakaa pale pale juu ya stika, akapapasa ubao kwa kiganja.

— Mbao hizi zimetulia! Nani katengeneza?

Kosa la mtu mtaani kwao hutajwa na mwenzake, na wenzake wawili walikuwa wameshaelekeza vidole kwa Fundi.

— Mimi, alisema Fundi. Miguu ya sendo itaganda hiyo. Subiri.

Alisimama akaenda kwenye mashine. Lilikuwa limebaki kopo moja tu la kahawa ya moto. Lilipodondoka, taa nyekundu ikawaka. Kahawa imekwisha. Akampelekea binti. Binti alilishika kwa mikono miwili, akaligusisha shavuni, akanywa funda moja, kisha akapiga kelele iliyomshtua mpaka Mama Kinue na kata yake:

— Yabai!

Redio aliruka mbali na benchi. Fundi mwenyewe alishangaa kujikuta amesimama, ameshika mkono wa binti, tayari kumvuta kutoka kwenye kitu kinachoanguka. Hakuna kilichokuwa kinaanguka. Binti alikuwa anacheka.

— Nini? aliuliza Fundi. Imeharibika?

— Tamu! Tamu mpaka basi! Yabai!

— Yabai ni tamu? aliuliza Mama Kinue. Ndoo alikuwa ameshaiweka chini.

— Eee, mama, yabai ni... yabai tu! Kitu kikizidi uzuri, kikakupita kimo, utasemaje? Rafiki yangu wa Sendai kanitumia ujumbe, kanisisitiza: ukifika Osaka, usiende kwenye ngome, usiende kwenye mnara, nenda Matsuba ukakae na wazee. Kaniambia kuna mmoja alimshonea begi. Wako yabai kupita kiasi. Ndiyo maana nimewahi kabla ya saa.

Mheshimiwa alirekebisha kola ya koti. Redio alirudi polepole, akakaa kwenye ncha ya benchi, akavuta soksi zake juu.

— Nilisema mimi, alisema Redio. Nyota tano ni nyota tano.

— Ulisema kimbunga!

— Kimbunga kizuri.

Mama Kinue alijifuta mikono kwenye aproni, akaja.

— Simama kidogo, binti, unakalia kitu changu.

Aliinama akaanza kuibandua stika kwa kucha. Ilikuwa gundi ya serikali; ilitoka vipande vipande, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumtania. Kipande cha mwisho kilipogoma, alikimwagia maji akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikatoka. Alisimama na takataka hizo kiganjani, uso umemwiva.

— Mbao zina unyevu, alimwambia Fundi. Zikikauka, zipake mafuta. Mnaliacha linaoza.

— Nitalipaka, mama.

Hayo ndiyo yalikuwa maombi ya msamaha, na hayo ndiyo yalikuwa majibu yake. Fundi alikohoa akasingizia baridi.

Binti alikaa tena, safari hii katikati yao, akainyoosha miguu.

— Mimi nalala siku nne hapa, alisema kwa raha. Halafu Hiroshima, halafu ng'ambo ya bahari, Shikoku. Na nyie, babu? Mnalala siku ngapi?

Fundi alilijua swali hilo. Mdomo wake ulilijibu wenyewe, kama ulivyojibu kila asubuhi.

— Moja.

— Moja tu? Jamani! Binti alisikitika kwa dhati. Basi nimebahatika kuwakuta. Na kesho mnaelekea wapi?

Redio alikitafuta kiredio chake mfukoni, akakipata, hakukirudisha sikioni. Mama Kinue alikuwa mlangoni, kata mkononi, maji yanadondoka. Amemuuliza Fundi lile swali la siku ngapi maelfu ya mara, na hili la kesho wapi hajawahi kumuuliza. Sasa alikuwa anamtazama Fundi kama mtu anayesubiri kuambiwa.

Fundi aliamka, akaenda kwenye mashine. Kahawa zote zilikuwa na taa nyekundu. Iliyobaki ni supu ya mahindi. Alitia sarafu, akalichukua kopo, akarudi, akakaa pale pale alipokuwa amekaa, na atakapokaa kesho, akampa binti, ambaye kahawa yake ilikuwa imekwisha.

— Itikise kwanza, alisema. Mahindi hukaa chini.