Mwalimu Theresia na Wadudu wa Kijito cha Mbwede

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, ndugu na majirani mliopanda mlima kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake Kasimiri, niwasomee maisha yake, naye marehemu aliagiza mapema kwamba yasisomwe kwa unyonge.

Theresia Mkude alizaliwa Kinole tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa tatu wa wakulima wa iliki na mdalasini, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Morogoro, na mwaka 1989 akahitimu ualimu wa sayansi, akafundisha Kihonda hadi 1994 alipoomba mwenyewe kuhamia huku Mgeta, jambo lililowashangaza wengi, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wanaomba kushuka.

Tarehe 21 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Stephano, mkulima wa nyanya na kabichi, aliyeketi hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto wawili, Prisca na Benedikto.

Mwaka 2009, akiandaa somo kwenye kijito cha Mbwede, Mwalimu aliinua mawe ya kijito upande wa juu wa mashamba, akakuta yamejaa wadudu wachanga wenye mikia mitatu kama nyuzi, wale ambao hukua majini miezi mingi, wakila utando wa kijani wa mawe na kuliwa na samaki, kisha huota mabawa na kuishi hewani siku moja tu, lakini alipoinua mawe upande wa chini wa mashamba hakuona hata mmoja, wala samaki, akajua kuwa sumu inatoka kwenye mabomba ya kupulizia dawa yanayooshwa kijitoni, likiwemo la mumewe.

Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema wazi, na mkulima mwenzetu Castory akamkatiza, "Mwalimu, sisi tunahangaika na nyanya, wewe unatuletea habari za wadudu?" naye akajibu, "Castory, maji yaliyomshinda mdudu, mwanao anayanywa," watu wakaguna, wengine wakaondoka, na nyumbani Stephano akamwambia amemwaibisha mbele ya wenzake, wakakaa kipindi kirefu hawaongei ila kwa kupitia watoto.

Lakini Stephano, na ameruhusu lisemwe, alikwenda mwenyewe kijitoni akainua mawe, akarudi, akachukua jembe, akachimba shimo la kuoshea mabomba mbali na maji, akaacha ukanda wa majani kandokando ya kijito mahali alipokuwa akilima kabichi, na Mwalimu alipomkuta huko alikunja kanga akashika jembe la pili, na taratibu majirani wakaanza kuja, mmoja baada ya mwingine, Castory akiwa wa mwisho.

Ikapita miaka, mawe yakiwa bado matupu, na wapo waliomcheka, hadi jioni moja ya Aprili 2016, mvua ilipokatika, Castory aliposikika akipiga kelele bonde zima, "Mwalimu! Njoo uone, wamerudi!" watu wakatoka majumbani, wakakuta juu ya kijito wingu la mabawa meupe likipanda na kushuka, samaki wakiruka kuwadaka, na dada yetu akacheka huku machozi yakimtoka, akicheza ngoma katikati ya maji na viatu vyake vya shule.

Alistaafu Agosti 2023, vitongoji vyote vya bonde hili vikiwa vimefuata mfano huo, akaugua saratani mwaka uliofuata, akatibiwa Morogoro na Dar es Salaam, na alfajiri ya tarehe 2 Machi 2025 akafariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Stephano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, jumuiya ndogondogo, na majirani, akiwemo Castory aliyesimamia uchimbaji wa kaburi, na kina mama waliopika tangu jana, ambao maji ya msiba huu hawakuyafuata juu mlimani, waliyachota Mbwede, chini ya mashamba, na sote tumeyanywa.

Lala kwa amani, Mwalimu, umeshinda.