Vyumba vya Moyo Wangu Visivyosalimiana

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mkuu, madaktari, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu unayenikonyeza nifupishe: hadithi hii wote mnaisimulia vibaya. Muuguzi aliyenitangulia kasema daktari wetu anayestaafu leo alinitoa moyo akaniwekea mashine. Uongo. Moyo ni wangu uleule, ndiyo maana bado una kiburi.

Mimi fundi wa paa. Nani hapa hanijui? Nusu yenu mnalala bila kunyeshewa kwa sababu yangu. Basi nilipozidiwa na kizunguzungu nikaletwa hapa, nikabandikwa nyaya kifuani, karatasi ikatoka na vilima vyake. Daktari akaitazama mara mbili. Nikamwambia, "Binti yangu, mashine yenu mbovu." Hakubishana. Akampima muuguzi, karatasi ikatoka safi. Akanirudia mimi: yaleyale.

"Mzee, moyo una vyumba vya juu na vya chini," akasema. "Vyako havisalimiani. Juu wanadunda kwao, chini wanadunda kwao, polepole mno."

"Kama mimi na shemeji yangu. Na bado tunaishi."

Akacheka, lakini hakuniachia. "Karatasi peke yake hainitoshi. Umewahi kuanguka?"

"Hata siku moja."

Mke wangu akadakia, "Na juzi jikoni?"

"Nilikuwa napumzika."

"Na sufuria kichwani?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, ukipumzika hivyo juu ya paa, mama anabaki mjane. Tukuwekee kidude chini ya ngozi, hapa karibu na bega. Moyo ukizembea, kinaushtua."

Nikagoma. Akaniuliza, "Paa likivuja, unabomoa nyumba?"

"Naziba."

"Basi niache nizibe."

Hapo nikakubali kushindwa, jambo ambalo mke wangu hajaliona tena. Nikaingia chumba cha upasuaji naimba, wauguzi wanaitikia.

Na leo? Paa hili lililowafunika, nani kaliezeka mwezi uliopita? Mimi na kidude changu. Wangapi hapa mlipewa karatasi mbaya mkaanza kuaga watoto, na daktari huyu akawakalisha, akawapima tena, akawauliza mnajisikiaje, ndipo akasema la kufanya? Inueni mikono. Daktari, geuka uone. Wote hao wazima.

Ila kule kuimba nimetunga. Nilikuwa nalia, na daktari akanishika mkono mpaka nikatulia.

Asanteni kwa masikio yenu.